Namna ya kuuza bidhaa za urembo saluni bila kumsukuma mteja

Mteja aliyeketi kwenye kiti cha saluni hana pa kwenda. Kitambaa kimefungwa shingoni, nywele zimelowa au zimesukwa nusu, na kichwa chake kiko mikononi mwa mtu anayemtegemea. Ukimwambia wakati huo "chukua na hii seramu, itakufaa," hata akikubali hutajua kama amekubali kwa moyo au ameona haya kukataa. Wengi huona haya. Wanalipa, wanaaga vizuri, na safari nyingine wanakwenda saluni ya jirani bila kukuambia kwa nini.

Ndiyo maana mwongozo huu umesimama juu ya kanuni moja. Kwenye kiti unauliza na kueleza. Kununua au kutonunua ni jambo la kaunta, mteja akiwa amesimama, pochi iko mkononi mwake na mlango anauona. Ukitenganisha mambo hayo mawili, sehemu kubwa ya usumbufu unaowafanya wasusi waogope kuuza na wateja waogope kuuziwa inaisha.

Na kuuza kwenyewe si jambo la kuonea aibu. Nywele zinakaa mikononi mwako saa chache. Siku zote zilizobaki ziko mikononi mwa mwenyewe. Ukimtia mteja rangi kisha akaziosha nyumbani kwa shampuu kali na maji ya moto, rangi itachujuka mapema na lawama itakurudia wewe. Kumwambia atumie nini nyumbani ni kumalizia kazi uliyolipwa kuifanya.

Hatua ya 1: Weka bidhaa chache, zile unazozitumia kazini

Rafu yenye chupa arobaini humchanganya mteja na kukufungia mtaji. Anza na bidhaa nane hadi kumi na mbili. Kigezo cha kwanza ni kwamba unaitumia mwenyewe saluni kila siku. Kama kondishena iliyoko kwenye beseni la kuoshea ni nyingine na unayoiuza ni nyingine, mteja ataligundua hilo haraka, na ana haki ya kukushuku.

Zichague kwa kufuata huduma zako, si kwa kufuata msambazaji anapunguza bei gani. Chukua huduma zinazoombwa zaidi na ujiulize nini huharibika mteja akifika nyumbani. Aliyetiwa rangi anahitaji shampuu laini. Aliyewekewa dawa ya kulainisha anahitaji kondishena nzito na kitu cha kuzuia nywele kukatika. Aliyesuka rasta anahitaji cha kusafishia ngozi ya kichwa bila kuzifumua. Anayenyosha nywele kwa pasi au blodrai anahitaji kinga ya joto, ipakwe kabla ya pasi, si baada. Aliyebandika kope anahitaji cha kuondolea vipodozi kisicho na mafuta, kwa kuwa mafuta hudhoofisha gundi. Wa kucha anahitaji mafuta ya kupaka pembeni mwa ukucha. Huduma sita, bidhaa sita au saba, tayari rafu ina maana.

Kabla ya kulipia shehena, soma lebo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kushuka hadi kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Chupa inayotangaza mafuta ya argani kwa herufi kubwa mbele, huku nyuma mafuta hayo yakiwa mwishoni kabisa baada ya manukato, mara nyingi ina tone tu la hayo mafuta. Angalia pia mchoro wa kopo lililo wazi wenye namba kama 6M au 12M: ni miezi ambayo bidhaa inafaa kutumika tangu ifunguliwe. Mteja anayetumia bidhaa kidogo kidogo akinunua kopo kubwa la 6M, utakuwa umemuuzia kitu atakachokitupa.

Kwenye ngozi kuna mpaka usiovukwa. Krimu za kung'arisha zisizotaja viambato vyote, au zinazoahidi weupe ndani ya siku chache, usiziweke kabisa. Baadhi yake zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mfumo wa neva. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa 2013, ulitaka nchi wanachama ziache kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni ifikapo 2020, lakini bidhaa hizo bado zinazunguka sokoni. Mteja akiziulizia, mwambie huziuzi na umweleze sababu. Hiyo pia ni huduma.

Hatua ya 2: Andika mistari mitatu kwa kila bidhaa

Tafuta daftari. Kwa kila bidhaa andika: inamfaa nani, inatumiwaje na kwa kiasi gani, na haimfai nani. Mstari wa tatu ndio unaowatofautisha mshauri na mchuuzi, na ndio ambao wauzaji wengi hawana.

Mifano ipo mingi. Krimu za usiku zenye retinoli (aina ya vitamini A) hazishauriwi kwa mjamzito. Toni (maji ya kupaka usoni baada ya kunawa) zenye asidi za matunda huifanya ngozi iumizwe kwa urahisi na jua, hivyo anayezitumia anahitaji kinga ya jua kila asubuhi, na akikaa nje aipake tena kila baada ya saa mbili hivi. Matibabu ya protini husaidia nywele zinazovutika sana zikilowa, lakini kwa nywele ambazo tayari ni ngumu na kavu yanaweza kuzidisha kukatika. Vifaa vya kujiwekea jeli ya kucha nyumbani mimi singeviuza kwa mtu asiye na mafunzo, kwa sababu jeli ambayo haijakauka vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio ambao hudumu maisha yote.

Kila mfanyakazi apewe chupa moja aitumie nyumbani wiki mbili tatu. Msusi anayesema "mimi nywele zangu ni laini, hii ilinilemea, ila mwenzangu mwenye nywele nzito anaipenda" anaaminika kuliko anayesoma maneno ya kwenye boksi.

Hatua ya 3: Uliza mwanzoni, nywele zikiwa kavu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo tunapoharakisha. Dakika tano za mwanzo, kabla ya kitambaa na kabla ya maji, mteja yuko huru na nywele zinasema ukweli: zimekauka wapi, zimekatika wapi, zimebeba mabaki ya jeli gani. Vuta kiti, kaa usawa wake, msikutane kwenye kioo tu.

Usiulize "unatumia bidhaa gani?" peke yake. Swali hilo humfanya mtu ajihisi yuko kwenye mtihani, na atakutajia jina zuri badala ya analolitumia kweli. Uliza maisha yake na nywele:

"Tangu ulipotoka hapa mara ya mwisho, nini kilikusumbua?"

"Siku ya kuosha nyumbani unafanyaje, kuanzia mwanzo hadi mwisho?"

"Asubuhi una dakika ngapi za nywele?"

"Kuna kitu uliwahi kununua kikakukataa?"

Swali la dakika za asubuhi linaokoa mengi. Mtu mwenye dakika tano na watoto wa kuwaandaa usimpe utaratibu wa chupa nne, hata kama nywele zake zinauhitaji. Mpe kimoja atakachokitumia. Swali la mwisho nalo linakuonyesha mzio, manukato asiyoyataka, na jeraha la kuuziwa vibaya alilolipata kwingine.

Kisha nyamaza umsikilize. Anapojibu, rudia tatizo kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "zinakuwa kama zimechoka ikifika Jumatano," usimsahihishe kwa maneno ya kitaalamu; wewe pia sema zinachoka Jumatano. Yaandike kwenye kadi yake, karatasi au simu, pamoja na tarehe na ulichofanya siku hiyo.

Wakati mwingine majibu yatakuonyesha kwamba hakuna cha kuuza. Mteja analalamika nywele za pembeni ya uso zinapungua na anataka mafuta ya kuziotesha. Ukiangalia, unaona anasuka kwa kubana sana, mfululizo, bila kupumzisha. Hakuna mafuta yatakayosaidia huku mvuto ukiendelea. Mwambie hivyo, msukie kwa ulegevu, mshauri apumzishe. Akiwa na mapunye, mabaka yaliyonyonyoka nywele kabisa, vidonda au mba isiyoisha yenye wekundu, mwelekeze kwa daktari wa ngozi. Siku hiyo hutauza kitu, lakini atakapohitaji shampuu, wewe ndiye atakayekuuliza.

Hatua ya 4: Eleza kile mikono yako inachofanya

Ukiwa kazini usitoe hotuba. Sema unachofanya, kwa sentensi moja au mbili, bidhaa ikiwa mkononi:

"Dada, uliniambia zinakauka haraka. Hii naipaka zikiwa bado zina maji ili iyafungie ndani. Tazama kiasi, ni kidogo tu, cha kujaa katikati ya kiganja."

"Mbona mimi hupaka zikiwa zimekauka?"

"Wengi hufanya hivyo. Jaribu kuzipaka mbichi, hata kwa mafuta uliyonayo nyumbani, utaona tofauti."

Angalia msusi huyu amefanya nini. Ametaja tatizo aliloleta mteja, ameonyesha kipimo, na amempa ushauri unaofanya kazi hata asiponunua chochote. Hakutaja bei wala rafu. Mteja akitaka kujua zaidi atauliza mwenyewe, "hii inaitwaje?" na hapo umjibu kwa ufupi.

Mpe aiguse na ainuse. Harufu ina nguvu kuliko maelezo, na pia huwaondoa mapema wale ambao hawataipenda. Mwonyeshe kwa kipande kimoja cha nywele kabla ya kupaka kichwa kizima, ajionee tofauti kwenye kioo.

Kuna mambo yanayoharibu hatua hii hata kwa msusi mwenye nia njema. Kudharau bidhaa za mteja ("hiyo ndiyo iliyokuharibu!") humtia aibu mbele ya wengine. Kutisha ("usipotumia hii zitakatika zote") ni udanganyifu, nukta. Na kusifia kila chupa kwa sifa ileile humfanya asiamini hata moja. Akitulia na kufumba macho kwenye beseni, mwache apumzike. Amelipia utulivu huo pia.

Hatua ya 5: Andika ushauri, usizidi vitu viwili

Kabla hajasimama, chukua kadi ndogo uandike kwa mkono vitu viwili vya kufanya nyumbani. Kimoja kinaweza kuwa bidhaa. Kingine kiwe ni jambo lisilo na bei kwako: punguza joto la pasi lisizidi nyuzi 180 za Selsiasi kwa nywele zilizotiwa rangi, lala na kitambaa laini cha satini, chana kuanzia nchani kwenda kwenye shina. Andika pia lini arudi.

Kwa nini viwili? Anayepewa vitano hafanyi hata kimoja. Na anayeona umemwandikia jambo ambalo halikuingizii chochote anajua ulikuwa unamfikiria yeye. Kadi hii mpe kila mteja, anunue asinunue. Ikitolewa kwa wanunuzi tu inageuka kuwa risiti.

Hatua ya 6: Kaunta, na ukimya

Sasa amesimama, amejitazama, amefurahi. Sema mara moja tu: "Ile kondishena niliyokutumia leo ni hii, bei imeandikwa hapo. Kadi yako hii." Halafu endelea na hesabu ya huduma. Usimtumbulie macho, usianze kuifungasha kabla hajasema, usiijumlishe kwenye bili "kwa kumsaidia". Sekunde chache za ukimya zinaonekana ndefu kwa muuzaji. Kwa mnunuzi ndiyo nafasi ya kufikiri.

Akisema atafikiria, jibu ni "sawa kabisa, dada," na mada imekwisha. Usimuulize anachofikiria.

Akisema ni ghali, usianze kuitetea na usikimbilie kupunguza. Msaidie kuhesabu. Chupa ya mililita 250, ikitumika mililita 10 kila kuosha, inatosha kuosha mara 25. Anayeosha mara moja kwa wiki ana karibu miezi sita. Gawanya bei kwa 25 mbele yake. Ikiwa bado ni nzito kwake, mtajie chupa ndogo au cha bei nafuu kinachofanya kazi inayokaribiana, hata kama wewe hukiuzi.

Akisema anayo ya aina hiyo nyumbani, furahi naye. Mwambie amalize ile kwanza, na umweleze namna ya kuitumia vizuri zaidi. Akisema ameiona mtandaoni kwa bei ya chini, usimgombeze. Mtajie unachokitoa wewe: unajua imetoka wapi, tarehe yake umeihakiki, na ikimkataa atairudisha. Mengine ni uamuzi wake.

Rafu yenyewe haihitaji maneno mengi. Iwe safi, bila vumbi, chupa za kujaribia ziwe wazi na zimeandikwa hivyo, zinazouzwa sana ziwe usawa wa macho, na bei ionekane kwenye kila kitu. Bei iliyofichwa inamlazimisha mteja aulize, na akishauliza anajihisi amenaswa.

Hatua ya 7: Panga bei na malipo ya wafanyakazi kwa akili

Ukinunua kwa 60 ukauza kwa 100, faida yako ni 40. Hiyo ni asilimia 40 ya bei ya kuuzia, lakini ni karibu asilimia 67 juu ya bei ya kununulia. Wengi huchanganya hesabu hizi mbili, wakatoa punguzo la asilimia 30 wakidhani bado wana nafasi kubwa. Katika mfano huu wamebaki na 10, na kamisheni ya msusi bado haijatoka.

Kamisheni ni haki ya anayeshauri, ila namna ya kuigawa hujenga au kuharibu tabia. Mashindano ya "nani ameuza nyingi wiki hii" huzaa usumbufu uleule tunaoukimbia, na mwenye saluni hausikii kwa sababu wateja hawalalamiki, wanahama tu. Mimi ningetoa asilimia ndogo kwa ununuzi wa kwanza na kubwa kidogo mteja anaporudi kununua chupa ya pili ya bidhaa ileile. Ununuzi wa kwanza unaweza kutokana na haya. Wa pili unatokana na bidhaa kufanya kazi.

Kwa sababu hiyohiyo, mwisho wa mwezi hesabu kwanza wateja wangapi walirudia bidhaa, ndipo uhesabu chupa ngapi ziliuzwa. Bidhaa inayouzwa sana mara moja na hairudiwi iondoe rafuni, hata kama faida yake ni tamu.

Hatua ya 8: Fuatilia, na pokea kinachorudi

Ujumbe mmoja baada ya wiki mbili unatosha: "Habari za siku, mama. Ile kondishena inakwendaje? Kama inalemea nywele, punguza kiasi kwa nusu." Usimtumie matangazo kwenye namba aliyokupa kwa ajili ya miadi, isipokuwa amekubali. Kwa hesabu ya mara 25 unajua pia lini chupa yake inakaribia kuisha. Ukimkumbusha akija kwa miadi ya wakati huo, unamsaidia. Ukimkumbusha mwezi wa kwanza, unamsumbua.

Kwa bidhaa zinazokaa kwenye ngozi, mfundishe ajaribu kidogo ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio asubiri saa 48 kabla ya kuipaka usoni. Hata hivyo kuna watakaorudi na chupa nusu: imewasha, imenuka, haikufanya kitu. Weka utaratibu mapema na wafanyakazi wote waujue. Pokea, rudisha pesa au badilisha, uliza ilitumikaje, andika kwenye kadi yake kwamba imemkataa ili asije akapewa tena na msusi mwingine, kisha itupe chupa ile. Kama ngozi imevimba au ina malengelenge, aache kuitumia mara moja na aende hospitali akiwa na lebo mkononi. Malalamiko mawili ya aina moja juu ya bidhaa moja yanatosha kuiondoa rafuni siku hiyohiyo, na kumpigia msambazaji.